Daftari la Miezi Mitatu Bangale

Jumamosi, 10 Mei 2025

Nimefika nyumbani. Basi liliondoka Nairobi alfajiri, likapita Thika, Matuu na Mwingi, na tulipoiacha Ukasi mashamba yakaisha, ikabaki migunga na mathenge hadi upeo wa macho. Bangale ni mji wa barabarani katika kaunti ya Tana River: maduka pande mbili za lami, msikiti, malori ya Garissa yaliyosimama kupoza injini, na akina mama wa maziwa ya ngamia wameketi kivulini na mitungi yao ya manjano. Mmoja wao, jirani yetu, alinipokea mkoba kabla sijamwomba.

"Karibu, mwanangu. Huko chuoni unasomea nini?"

"Saikolojia, mama."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Elimu ya nafsi na akili. Watu wanavyofikiri, wanavyohisi, na kwa nini wanatenda wanayoyatenda."

Akanyamaza, akakaza kifuniko cha mtungi. "Basi utakuwa daktari wa wendawazimu."

Nikamweleza kwamba shahada ya kwanza haimfanyi mtu daktari. Miaka 4 ya darasani ni takwimu, makuzi ya mtoto, kumbukumbu, ubongo, maradhi ya akili na namna ya kufanya utafiti. Anayetaka kutibu ana masomo mengine mbele yake, chini ya usimamizi, na tangu 2014 Kenya ina sheria ya kuwasajili washauri na wanasaikolojia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo bado liko nami usiku huu ninapoandika:

"Na yule asiye mwendawazimu, ila halali usiku, naye ana mtu wa kumwendea?"

Jumatatu, 12 Mei

Nimeanza mafunzo ya vitendo katika kituo cha afya. Anayenisimamia ni muuguzi wa siku nyingi. Wagonjwa humwita sista, nami namwita vivyo hivyo. Amenipa masharti matatu: jina la mgonjwa lisiingie katika daftari langu, nisitoe ushauri yeye akiwa hayupo, na nisimharakishe mtu. Hata humu nitabadilisha lolote linaloweza kumtambulisha mtu.

Nimekuja na hojaji tuliyofundishwa chuoni, ile ya maswali 9 ya kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni. Ilichapishwa Marekani mwaka 2001, na sasa hutumika karibu kila mahali. Kila swali linauliza kuhusu majuma mawili yaliyopita, kila jibu lina alama kati ya 0 na 3, jumla ya juu ni 27. Nakala yangu ni ya Kiswahili. Wagonjwa wengi wa hapa ni Waorma na Wasomali, kwa hiyo kwa Waorma wenzangu nitakuwa nikifasiri papo hapo. Sikuwahi kufikiria kwamba kufasiri ni sehemu ya somo lenyewe.

Alhamisi, 15 Mei

Leo nimempima mama wa makamo. Naandika maneno yake kabla hayajanipotea.

Nilimuuliza kama amekosa hamu ya kula. "Hamu ninayo, mwanangu. Chakula ndicho sina."

Nikamuuliza kama anapata shida kulala. "Fisi wanazunguka zizi la mbuzi kila usiku. Nani alale?"

Nikamuuliza kama anajiona ameshindwa, au ameiangusha familia yake. Akanitazama. "Ukame uliwamaliza ng'ombe wote wa mume wangu. Wewe ungejionaje?"

Nilikuwa nikiandika 3, na 3, na 3. Jumla ikawa 16, na mwongozo wangu unasema alama 15 hadi 19 ni sonona inayokaribia kuwa kali. Anauzungumzia ukame ule ule tunaoujua sote: kuanzia mwishoni mwa 2020 misimu 5 ya mvua ilikatika mfululizo, na katika Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Njaa ya mama huyu ni njaa. Kukesha kwake ni ulinzi. Karatasi yangu imeviweka vyote kapu moja na kuviita ugonjwa.

Sista akaniashiria niweke kalamu chini. Akasogeza kiti, akauliza jambo moja tu: "Katika haya yote, lipi linakuuma zaidi?" Mama akakaa kimya kitambo kirefu. Kisha akasema mwanawe mkubwa alikwenda mjini kutafuta kazi baada ya ng'ombe kuisha, na simu yake haipatikani tangu mwaka jana. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Karatasi haikukosea kwamba ana mzigo. Haikujua mzigo wenyewe ni upi, wala haina swali la kuutafuta.

Ijumaa, 23 Mei

Baada ya isha nimekaa na taa ya sola nikisoma tena habari za mwanasaikolojia Mary Ainsworth. Darasani tulimsoma kama mtu wa Baltimore, na chumba chake cha majaribio chenye mama, mtoto na mgeni. Lakini kazi hiyo ya kuchunguza mtoto anavyoshikamana na mama yake ilianzia jirani kabisa nasi. Mwaka 1954 na 1955 aliingia katika nyumba za Waganda, katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, akawatazama mama na watoto wachanga wa familia 26, ziara baada ya ziara, miezi kwa miezi. Kitabu chake kuhusu utoto Uganda kilitoka 1967. Huko ndiko alikoona kwamba mtoto anayemwamini mama yake ndiye anayethubutu kutambaa mbali naye, kwa sababu anajua pa kurudi.

Nilipokuwa nikisoma, nyanya alikuwa amemweka mtoto wa kaka yangu miguuni pake. Mtoto akatambaa hadi mlangoni, akageuka kumtazama, akaendelea. Akageuka tena. Nyanya hakusema neno, aliinua tu kidevu kidogo. Msingi mmoja mkuu wa saikolojia ya ulimwengu ulionekana juu ya mikeka kama huu wetu.

Kuna jina jingine ninalotaka kulihifadhi: Katie Kibuka, mkalimani na msaidizi wa Ainsworth. Maneno ya akina mama wale yalimfikia Ainsworth kwa kupitia yeye. Katika muhtasari wa darasani jina hilo halimo.

Jumatano, 28 Mei

Mama ameniuliza kwa nini sikuchagua ualimu kama dada yangu. Nimemkumbusha Aprili 2015. Nilikuwa darasa la tano. Tarehe 2 Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa, watu 148 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Siku zilizofuata mabasi ya walionusurika yalipita barabara hii kwenda Nairobi. Tulisimama kando ya lami. Msichana mmoja alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo, macho wazi, na alitutazama bila kutuona. Nilimpungia mkono. Hakuwa mbali nami, ila palipokuwa na macho yake hapakuwa na mtu.

Mama anaikumbuka siku hiyo. Hakujua kwamba mimi bado ninaiwaza.

Jumapili, 1 Juni

Nimekwenda kumsalimia ustadhi aliyenifundisha madrasa. Najua wengi humwendea yeye kwanza mtu wao anapobadilika. Husomewa Kurani, hupewa maji ya dua. Darasani baadhi ya wenzangu husema jambo hili kwa dharau. Mimi nilitaka kumsikia mwenyewe.

Akaniambia: "Mwenye huzuni ananijia, namsomea, na namsikiliza mpaka amalize. Anayeanguka na kutoa povu namwambia mzazi wake, huyu ana kifafa, mpeleke kwa sista, dawa ipo. Dua haizuii dawa." Kisha akaniuliza kama chuoni tunafundishwa kusikiliza mpaka mtu amalize. Nikasema tunafundishwa. Akauliza ni dakika ngapi.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya leo sitaisahau.

Mzee mmoja amekuja kwa maumivu ya mgongo. Presha yake ilikuwa juu kidogo. Sista akanipa nafasi, nami nikamsomea hojaji kwa Kiorma, taratibu, kwa heshima. Kwa kila swali alijibu hapana. Hapana, alhamdulillahi. Jumla 0. Kwa karatasi ile hakuna mtu mzima wa nafsi kuliko yeye katika Bangale.

Lakini hakuinuka kwenda zake. Alibaki ameshika fimbo kwa mikono miwili, akitazama sakafu.

Nikaweka karatasi kando. Kwetu huulizi mtu ana ng'ombe wangapi. Ni utovu wa adabu, na wengine wataona unawatia jicho. Nikamuuliza hivi: "Mzee, yule aliyekuwa akiwaongoza wenzake njia ya maji alikuwa wa rangi gani?"

Akainua uso. Alikuwa mwekundu, akasema, na doa jeupe chini ya shingo. Akamtaja jina, akataja jina la mama yake, na la mama wa mama yake. Akaendelea na mwingine. Alikuwa akikunja kidole kwa kila mmoja, na kwa kila mmoja alisema alipoangukia: huyu njiani kuelekea mto Tana, huyu mlangoni mwa zizi, huyu walimwinua kwa kamba asubuhi tatu mfululizo, asubuhi ya nne hakutaka kuinuka. Vidole vilipokwisha akaanza upya mkono wa kwanza. Sista alisimama mlangoni hakuingia.

Mwisho akasema: "Tangu hapo nikikaa na wanaume barazani sina la kusema. Wao huzungumza ng'ombe. Mimi nizungumze nini?"

Akatoka bila kuaga, na sista akamfuata nje akamwambia arudi Alhamisi ijayo.

Mama wa mwezi uliopita alipata 16 na sehemu kubwa ya alama hizo ilikuwa njaa na fisi. Mzee huyu amepata 0 naye anabeba kundi zima lililokufa, ng'ombe mmoja mmoja, kwa majina. Usiku huu natamani mwalimu wangu wa takwimu angekuwa pale mlangoni na sista.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekwenda Hola na binamu yangu, kupitia Madogo na Bura. Yeye alikuwa na shughuli ofisi za kaunti. Mimi nilitaka kuona mahali.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya wakoloni ya Hola, mahabusu wa vuguvugu la Mau Mau walitolewa kwa nguvu kwenda kuchimba mfereji wa umwagiliaji. Walikataa kufanya kazi ya mfungwa, wakapigwa kwa marungu. Watu 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema wamekufa baada ya kunywa maji.

Hayo ya kambi tunayasoma shuleni. Lisilofundishwa shuleni ni kwamba sayansi ninayoisomea ilikuwa na mkono katika mambo ya wakati ule. Daktari J. C. Carothers alisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo aliifananisha na akili ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 serikali ya Kenya ikachapisha andiko lake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Watu waliosema wazi wanataka ardhi yao, yeye aliona ndani yao nafsi zilizovurugika kwa kukutana na mambo ya kigeni. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria, alimtaja kwa jina na kumpinga katika kitabu chake cha 1961.

Katika kambi zile mahabusu walipangwa kwa rangi: weupe, kijivu, weusi, kulingana na jinsi walivyokubali au kukataa kuungama. Waliohesabiwa kuwa wagumu kabisa ndio walioletwa Hola.

Nilisimama juani nikiwaza 0, 16, 27. Najua hojaji yangu haikuundwa kumtesa mtu, na walioiunda walitaka kusaidia. Lakini kosa lile linaweza kurudi kwa mlango mwingine: kumweka mtu katika daraja kabla hujamuuliza, na kuliita dai lake ugonjwa. Mama aliyeniambia chakula ndicho hana alikuwa akitoa malalamiko ya haki. Nikimwandikia sonona tu nikaondoka, nimemnyamazisha.

Jumamosi, 5 Julai

Juma hili kijana ameletwa usiku na ndugu zake. Lililotokea sitaliandika. Yu hai, amepelekwa Garissa, na kaka yake amelala naye wodini.

Naandika kuhusu hofu ya wale ndugu. Waliogopa polisi kuliko walivyoogopa mauti. Walitaka tuandike kwamba ni ajali. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilimfanya anayejaribu kujiua kuwa mhalifu, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka 2. Tarehe 9 Januari mwaka huu Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Sista aliwaambia hivyo, pale pale gizani, kwa Kisomali na kwa Kiorma: "Huyu ni mgonjwa wetu. Hana kesi ya kujibu." Nikaona mabega ya kaka yake yakishuka.

Mwaka 2020 jopo la kitaifa lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikafanyiwa marekebisho, na kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma hizi. Habari hizi zimeandikwa Nairobi. Bangale zinafika pale tu mtu anapozitamka kwa lugha ya anayezihitaji.

Jumapili, 20 Julai

Nyuma ya daftari hili nimekuwa nikikusanya maneno. Nimemuuliza nyanya, akina mama wa maziwa, madereva, ustadhi, na kila mgonjwa aliyekubali.

Presha. Hili ni la watu wazima wote. Mtu akisema "nina presha" huenda ni mishipa, huenda ni karo ya mtoto. Sharti uulize.

Kufikiri sana. Hili mwenyewe hulitaja kama ugonjwa, si kama tabia.

Qalbi. Waorma na Wasomali wote wanalo, na Kiswahili cha washairi kinalo: moyo na akili kwa pamoja. Nikiuliza "akili yako ikoje" naogopesha watu. Nikiuliza habari ya qalbi, wanajibu.

Buufis. Neno la Wasomali, lililoenea katika kambi za wakimbizi za Dadaab zilizoanza kufunguliwa 1991. Linatokana na kupuliza, kujaza hewa. Ni ile hamu ya kuhamishiwa nchi ya mbali inayomjaa mtu mpaka hawezi tena kuishi hapo alipo, na pia ni hali inayompata safari hiyo ikivunjika. Watafiti wameliandika. Chuo changu hakijanifundisha neno hata moja linaloshika yote hayo kwa mpigo.

Sonona. Watanzania hulitumia, na ni la ukoo mmoja na kusononeka, nami nalipenda kwa sababu lina sauti ya mtu anayeumia. Hapa wengi hawalijui bado.

Kutokuwa na la kusema barazani. Hili ni la mzee mmoja, lakini nimeliandika kama neno kamili, kwa kuwa wawili wengine nilipowaambia walitikisa kichwa na kusema, "Ndiyo, ndivyo inavyokuwa."

Yule mzee amerudi Alhamisi tano. Alhamisi iliyopita alikuja na mwenziwe, ambaye naye alisema mgongo unamuuma.

Jumamosi, 9 Agosti

Mkoba umefungwa, basi litapita asubuhi. Sista amesaini fomu yangu ya mafunzo, kisha akanirudishia hojaji zilizobaki tupu. Alisema nisiache kuzitumia: zimewafichua wagonjwa watatu ambao yeye mwenyewe angewapita. "Ila zije za pili," akasema. "Kwanza mtu."

Utafiti wangu wa mwaka wa nne nimeshauamua. Nitaandika kuhusu maneno ambayo watu wa Bangale hutumia kutaja uchungu wa nafsi, kwa Kiorma, Kisomali na Kiswahili, ili atakayekuja na karatasi ya kupima ajue aanze kuuliza wapi. Nitaomba kibali cha kamati ya maadili ya chuo na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na nitakaowahoji nitawasomea nilichoandika kabla sijakipeleka kwa mwalimu yeyote.

Jioni nilipita kumuaga mama wa maziwa. Nikamwambia nimekaa na swali lake miezi mitatu. Ndiyo, asiye mwendawazimu lakini halali usiku anastahili mtu wa kumwendea, na elimu hii ipo kwa ajili yake hasa.

"Na mtu huyo yuko wapi?" akauliza.

Katika kituo chetu yupo sista mmoja, na kazi nyingine zote za uuguzi ni zake pia. Wenzangu wa Tana River mnaosoma saikolojia Nairobi, Eldoret na Mombasa: mkimaliza, rudini. Huku mnahitajika, na lugha mnazijua tayari.